Volti Mbili na Nusu

Novemba, Arvidsjaur. Saa nane mchana na giza limeshafunga.
Gunhild amelala chali chini ya dashibodi,
miguu nje ya mlango, tochi kati ya meno,
na Evert, baba yake, amesimama na kikombe cha kahawa
akiilinda Volvo ya mwaka sitini na sita
dhidi ya binti yake mwenyewe.

"Taa zinawaka," anasema. "Huoni zinawaka?"

Zinawaka, ndiyo.
Umanjano wa chai ya tatu kwa majani yale yale.
Juzi kulungu alisimama katikati ya barabara,
wakaonana, yeye na mzee, kwa wakati mmoja:
hatua sita.

Mita haina adabu kwa wakubwa.
Kwenye betri, kumi na mbili nukta sita.
Kwenye taa, kumi nukta moja.
Volti mbili na nusu zimeliwa njiani
kama mshahara uliopita mikono mingi:
swichi imekata chake, soketi yenye kutu chake,
na waya mwembamba, mzee kuliko Gunhild,
umejiotea moto kwa zilizobaki.

"Shika hapa." Akamshikisha swichi.
Ya moto. Inanuka kama nywele zilizokaribia mshumaa.
"Umeme wote wa taa unapita humu, baba,
ndani ya kitu kilichoundwa kwa kidole kimoja."

Evert hakujibu. Mgongo wake
umebeba mbao za kiwanda miaka thelathini na minane
na mpaka leo anapasua kuni peke yake,
akipumzika kila gogo la tatu,
akijifanya anatazama ndege.

Rilei ni kijisanduku cheusi, kadiri ya kiberiti.
Ndani mna koili, na ulimi wa shaba unaosubiri.
Swichi inanong'ona tu. Sumaku inasikia. Ulimi unaruka,
na umeme unatoka betrini moja kwa moja hadi kwenye taa,
kwa waya mnene, bila kubisha hodi kwa mtu.
Lugha ninayoandikia ina jina la mpewa mizigo mizito.
Sikujua kwamba Mnyamwezi anaweza kufungwa kwa skrubu moja
kando ya rejeta, theluji ikianguka.

Themanini na tano kwenye bodi. Themanini na sita kwa swichi.
Thelathini kwa betri, kupitia fyuzi,
fyuzi kwanza, Gunhild, fyuzi karibu na betri,
themanini na saba kwa taa.
Alizitaja kwa sauti, kama mtu ahesabuye watoto kivukoni,
na bado haikutosha. Ya kushoto ikawaka.
Ya kulia ikakonyeza, ikafa.
Akatukana. Kifundo cha kidole kilikuwa kimechunika.

Evert akamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa,
akampa, kisha akaelekeza kwa kidevu:
waya wa ardhi, umefungwa juu ya rangi.
Rangi haipitishi kitu.
Alikuwa ameuona tangu lini? Hakusema.
Gunhild akakwangua mpaka chuma kikang'aa.

Tak. Tak.

Ukuta wa banda ukaruka mbele yao
pamoja na kila ubao ambao mzee hakuwahi kuupaka rangi.
Nyuma yake misonobari ikasimama, mmoja mmoja,
kama walioitwa majina.
Evert alikunja uso. Kisha akainama ndani ya gari,
akaweka kidole juu ya swichi, akakiacha pale.

"Baridi," akasema.
"Ndiyo."
"Na inawasha."
"Inaagiza tu."

Akauliza bei. Kroni arobaini na tisa. Akakohoa.

Usiku hawakulirudia jambo hilo. Walikula viazi, wakalala.
Asubuhi, macho bado mazito, Gunhild alimsikia ukumbini
akimpigia simu Jouni, kijana wa nyumba ya pili,
sauti kavu, maneno machache:
shoka lipo, magogo yapo, njoo saa nne, kahawa itakuwepo.

Halafu simu ikarudishwa mahali pake.
Tak.